Peke Yake, kwa Herufi Kubwa

Walimpa jina la Redio kwa sababu alipokuwa kijana hakuwa na swichi ya kuzimia. Aliimba akipanga karatasi, akaimba akipaka wino, akaimba hata akinawa mikono kwa mafuta ya taa mwisho wa kazi. Na alichoimba kilikuwa roki, muziki ambao mama yake mzazi aliuita ugomvi wa masufuria. Sasa ana miaka hamsini na moja, bado ni fundi wa mashine kwenye kiwanda kilekile kidogo cha chapa, bado anaitwa Redio, na masikio yake yanakufa.

Hilo la masikio lilikuwa siri. Kwa miaka mitatu alilificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka: mradi hakuna anayekuambia uvue viatu, uko salama. Watu wakicheka, naye alicheka, ila nusu sekunde nyuma yao. Akiulizwa jambo alijibu, "Kabisa, kabisa," jibu ambalo linafaa karibu kila swali, isipokuwa siku ile shemeji yake alipomuuliza kama ni kweli amenenepa.

Sikio la kulia lilikuwa limekwenda moja kwa moja, limeliwa na mashine kwa miaka ishirini na sita. La kushoto lilipokea sauti moja, tena ya karibu. Sauti mbili zikigongana, ziligeuka uji. Alikwenda kupimwa kwa siri siku moja, akaaga kazini kwamba jino linamuuma, na daktari akamwandikia kwenye karatasi kwamba la kushoto nalo linamfuata mwenzake. Kifaa kingesaidia kidogo. Muda? Mwaka, labda miwili. Redio aliikunja ile karatasi mara nne akaitia ndani ya kiatu cha harusi, mahali ambapo aliamini hakuna anayepagusa.

Tatizo lake lilikuwa Msumari. Huyo ni mwimbaji wa roki, na jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti yake, kwamba ikishaingia haitoki. Mashabiki wake walikuwa na kijiwe kwenye kibanda cha kinyozi karibu na kiwanda, na kwa miaka kumi na tano walibishana jambo moja tu: Msumari aache bendi nyumbani. Bendi ilikuwa nzuri, hakuna aliyekataa, lakini ilikuwa na mpiga ngoma aliyepiga kana kwamba ngoma zilimtukania wazazi. Na ilijulikana kwamba Msumari akiimba peke yake na gitaa tu, basi wimbo wake wa "Kiti cha Dirishani" huuongezea ubeti wa mwisho ambao haumo kwenye rekodi yoyote. Aliuimba mara mbili katika maisha yake, mara zote mbele ya watu wachache. Kinyozi alidai alikuwepo mara moja, ila ukimwomba auseme ubeti wenyewe anaanza kutafuta kitana.

Redio aliutaka ubeti ule kama mgonjwa anavyotaka maji. Bendi ikipiga, kwake ni kishindo kitupu. Miaka miwili nyuma alilipa kiingilio, akasimama saa mbili, akarudi nyumbani hajaambulia hata neno. Lakini mtu mmoja na gitaa moja, angewasikia. Bado angewasikia. Ndiyo maana tamasha la muziki la mwaka huu lilipotangazwa, na Msumari akawemo, roho yake haikukaa chini tena.

Mabango ya tamasha yaliletwa kuchapwa kiwandani kwao. Jumatatu, Bosi, mwanamke aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake, alikuwa ametoka kwenda kununua karatasi, simu ya ofisini ikaanza kumulika. Redio alitazama huku, akatazama kule, hakuna mtu wa kumwokoa. Akazima mashine, akaibana simu kwenye sikio la kushoto. Alikuwa mratibu wa tamasha, mwanamke mwenye haraka zake, anataka uongezwe mstari mmoja chini ya jina la Msumari. Redio alisikia "mwimbaji wa roki," kisha mkwaruzo, kisha "peke yake."

Moyo ulimruka. "Peke yake?" akauliza.

"Ndiyo, kaka, peke yake! Muweke kwa herufi kubwa!"

Angeweza kumwomba arudie sentensi nzima. Lakini kuomba watu warudie ndiyo njia ya kujulikana, na yeye alikuwa ameapa kutojulikana. Akaandika kwenye kikaratasi: MWIMBAJI WA ROKI, PEKE YAKE JUKWAANI. Akakibandika kwenye kompyuta ya Bosi. Bosi aliporudi aliuchapa mstari kama ulivyo, na jioni ileile mabango elfu moja yalitoka kwenye mashine, yakiwa bado na harufu ya wino.

Kufikia Jumatano mtaa ulikuwa umewaka. Kinyozi alibandika mabango matatu kwenye kioo chake mpaka wateja wakawa hawajioni. Watu waliokuwa wamenuniana miaka wakapatana. Mwuza viatu mmoja, mtu mzima na mvi zake, alilia hadharani akasema ni vumbi.

"Redio, wewe ndiye umechapa," kinyozi alimkamata mlangoni. "Tuambie ukweli. Ni peke yake kweli, au wanatuchezea?"

"Simu nimeipokea mwenyewe," Redio akasema, akijigusa. "Kwa sikio hili."

Akanyolewa bure siku hiyo. Alirudi nyumbani akitembea kama mwenye nyumba ya ghorofa.

Furaha yenyewe haikufika hata wiki. Jumapili mkewe, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili na mtaa mzima unamwita Mwalimu, yeye Redio akiwemo, alisimama mbele ya bango lililobandikwa sebuleni. Aliinamisha kichwa upande, kama afanyavyo akisahihisha madaftari.

"Hapa mlikusudia nini?" akauliza. "Peke yake, au pekee?"

"Si kitu kimoja?"

"Mungu wangu. Mwimbaji pekee wa roki, maana yake kwenye tamasha hakuna mwingine wa roki. Wengine ni kwaya, wengine dansi, sijui nini. Mwimbaji wa roki, peke yake, maana yake amewaacha wenzake nyumbani. Watoto wangu wa darasa la sita wanayachanganya kila siku ya Mungu."

Alisema vile akaenda kuanua nguo. Redio alibaki na chai mkononi. Pekee. Peke yake. Aliyasema yote mawili taratibu, mdomo wazi, akajaribu kusikia yanavyofika. Yalifika sawasawa. Ule mkwaruzo katikati ya simu ulikuwa umebeba nini? Sikio lilisikia nusu, na moyo wake, huu moyo wake mlafi, ukajimalizia wenyewe.

Tangu hapo hakuwa na pa kukaa. Jumatatu alifunga karatasi kichwa chini miguu juu, akapoteza rundo zima. Jumanne alitoka kwenda kununua sabuni ya kunawia wino akarudi na mishumaa. Akipita kwa kinyozi alipita upande wa pili wa barabara, akiwa ameshika simu sikioni kama anaongea, yeye ambaye simu ndiyo adui yake. Watu walikuwa wanasafiri kutoka miji mingine kwa ajili ya mstari wake. Mtu mmoja aliahirisha posa. Kila alipoona bango ukutani alijiona yeye mwenyewe amebandikwa pale, na masikio yake, kwa herufi kubwa.

Mara mbili alifika mpaka mlango wa Bosi. Mara ya kwanza alisema gundi imekwisha. Mara ya pili alisema gundi imepatikana.

Jumatano asubuhi mratibu wa tamasha aliingia kiwandani na bango mkononi. Redio alimwona kupitia kioo, akaona midomo yake inakwenda mbio, akaona Bosi anageuka kumtazama. Basi, mambo yamekwisha. Alizima mashine, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akasema yote kwa mkupuo kabla ya kuulizwa.

"Kosa ni langu. Mimi sisikii. La kulia limekufa, la kushoto linakufa. Miaka mitatu sasa. Hata lile jino lilikuwa uongo, nilikwenda kupimwa. Dada, ulisema pekee, nikasikia peke yake, nikaona haya kuuliza. Bosi, nifukuze, lakini usimlaumu mtu mwingine."

Wanawake wale wawili walitazamana.

Mratibu akasogea karibu, akasema kwa sauti ya juu, neno moja moja. "Kaka, mbona hukukosea? Mimi nilisema, mwimbaji wa roki ni yeye peke yake. Nilimaanisha hakuna mwingine. Kumbe ukiandika hivi inakuwa maneno mengine kabisa. Nimekuja mnitengenezee vikaratasi vya kubandika juu yake, kwamba anakuja na bendi. Bendi nzima imekasirika, yule mpiga ngoma ndiyo usiseme."

Kwa hiyo masikio hayakuwa yamekosea. Yalisikia sawasawa, pengine kwa mara ya kwanza mwaka ule, na yeye mwenyewe ameyatoa hadharani kwa kosa ambalo si lao. Redio alitafuta pa kukaa, akakalia boksi la bahasha, likabonyea.

Bosi hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Miaka mitatu nakuita unanipita kama ukuta," alisema. "Nikajua mtu huyu ananidharau kwa sababu kiwanda nimerithi. Nimekununia miaka mitatu bure, Redio." Kisha akajifuta uso, akarudi kuwa Bosi. "Kesho unakwenda kupimwa, kwa ruhusa, si kwa jino. Na ile simu usiiguse tena."

Vikaratasi alivichapa mwenyewe mchana uleule. PAMOJA NA BENDI YAKE, mara elfu moja. Kiganja chake kilikuwa juu ya mashine, maana siku hizi ndicho kilichomwambia kama inakwenda vizuri, na ilikwenda vizuri sana, haikukwama hata mara moja. Aliichukia. Mashabiki walivibandua vile vikaratasi kila vilipobandikwa. Kinyozi alisema ni hila za wapiga ngoma.

Jumamosi ile Redio alisema haendi. Mwalimu akasema tiketi zipo na yeye ameshavaa. Jambo hili lilikuwa geni, kwani Mwalimu hakuwahi kuipenda roki hata siku moja. Walifika uwanjani mchana, jua kali, wakasimama karibu na kijiwe kizima cha kinyozi. Kwaya ikapita, dansi likapita. Redio alihama mguu huu akahamia ule, akanunua maji asiyoyanywa, akatazama saa. Saa kumi na moja Msumari akapanda, na bendi yote nyuma yake, na mpiga ngoma akaketi amekunja mikono ya shati.

Kikaanza kishindo. Nyimbo tatu, nne, uji mtupu. Redio alisimama amekaza taya. Halafu kikatulia, akaona vinywa vya watu wote vinafunguka na kufungika kwa pamoja, na juu ya vichwa yameinuliwa mabango, mabango yake, yamebanduliwa vikaratasi.

"Wanasemaje?" akamuuliza mkewe.

Mwalimu akamwinamia sikio la kushoto. "Wanasema, peke yake."

Ndipo alipogundua. Mwalimu amesimama kushoto kwake. Sasa akakumbuka kwamba sokoni hutembea kushoto, mezani hukaa kushoto, na kitandani walibadilishana upande zamani, ati kwa sababu ya joto la dirisha.

"Wewe unajua tangu lini?"

"Kiatu cha harusi nakipaka dawa kila mwezi, mume wangu. Nilikuwa nasubiri useme. Tazama mbele."

Mbele, Msumari alikuwa amechukua bango kutoka kwa mtu, analisoma, anacheka mpaka anashika magoti. Akawageukia wenzake, akawaonyesha. Wakateremka mmoja mmoja. Mpiga ngoma aliteremka wa mwisho, amenuna. Msumari akavuta kiti, akakaa na gitaa.

Na Redio akasikia. Gitaa, waya baada ya waya. "Kiti cha Dirishani," ubeti wa kwanza, maneno mazima, na konsonanti zake. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza kwa adabu. Ubeti wa pili. Redio alikuwa analia na hakusingizia vumbi. Kisha ukafika ule wa mwisho, ule ambao haumo kwenye rekodi, na Msumari akafanya kitu ambacho kinyozi angekuwa amewaambia kama kweli aliwahi kuwepo: aliondoa mdomo kwenye maikrofoni, akauimba kwa chini, kama mtu anayejisemea.

Redio aliona midomo inacheza. Hakikufika kitu. Alijisukuma mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio, na hakikufika kitu.

Basi pumzi ya moto ikamgusa sikio la kushoto, na sauti aliyoijua kuliko zote, ile ya darasa la sita siku ya imla, taratibu, neno kwa neno ili hata wa nyuma asiachwe:

"Ukinikuta njiani, mkato, usiniite. Nukta. Nishike bega, mkato, nitageuka." Mwalimu akasogea karibu zaidi, akaendelea. "Hata nikiwa nimezeeka, mkato, hata nikiwa mbali, mkato, nishike bega. Mkato. Nitageuka."

Watu walianza kupiga makofi, aliwaona mikono. Redio hakugeuka, aliogopa asije akapitwa na neno.

"Imeisha?" akauliza.

Mkewe alimshika bega. "Nukta," akasema.