Mkaguzi Alivyovua Viatu Kwenye Mtihani wa Dira

Jamani, leo mkaguzi wa elimu amevua viatu mlangoni mwa darasa langu, akidhani tunaswali!

Mnakijua kile kifaa nilichounda cha kufundishia dira: ubao wa kuzunguka, waya, betri za tochi na kengele. Mvulana anasimama juu, anageuka, na akifikia digrii niliyomtajia, kengele inalia.

Leo nilitaka kujua kama kimesaidia. Nikakificha, nikagawa karatasi za mtihani.

Swali la kwanza tu, "Mashariki ni digrii ngapi?", darasa zima likasimama.

Likaelekea kibla!

Hapa Garissa kibla ni kaskazini, na kaskazini ndiyo digrii sifuri. Kumbe wanaanzia hapo, halafu ndipo wageuke na kuhesabu.

Sasa mkaguzi Abdi anatokea, adhuhuri imeingia. Viatu chini, mbio hadi safu ya nyuma, mikono juu: "Allahu akbar!"

Wavulana wote wakageuka kulia, digrii tisini.

Akabaki peke yake. Mimi natafuta pa kuficha uso.

"Subhanallah, mwalimu! Hii ni swala gani?"

Nikamweleza, jasho likinitoka. Niambieni nyinyi, kusimama hivyo ni kuiba mtihani?

Mkaguzi alifumba macho, akaelekea kibla, akageuka kushoto polepole, akanyoosha mkono.

"Balambala. Kwa mama yangu. Digrii mia tatu hivi?"

"Ndiyo, bwana mkaguzi!" darasa likaitikia.

"Wallahi, waache wasimame."

Akatoka kwa madaha, kisha akarudi akirukaruka. Mchanga ulikuwa moto, na viatu amevisahau mlangoni!