Sufuria Juu ya Kisanduku cha Intaneti

Mimi sina subira, na siku dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume kule Kinshasa sikuwa nayo hata chembe. Mjukuu wa kwanza wa mama! Nilikuwa nikizunguka sebuleni kwetu Kabondo na simu mkononi, nikicheka peke yangu.

Katika ukoo wetu, bibi ndiye anayempa jina mtoto wa kwanza, na wazazi lazima walisikie kabla ya mtu yeyote wa nje. Mama alikuwa ameongeza sharti lake: hawezi kumpa jina mtoto ambaye hajauona uso wake. Padri alikwisha kufika hospitalini, maji ya ubatizo tayari, jina ndilo lililongojewa. Na picha kwenye simu ikaganda. Ikarudi, ikaganda tena. Nilitamani kuitupa mtoni.

Nikampigia fundi wa intaneti.

“Tulia, tantine,” akasema. “Nitapima ligne toka huku ku bureau.”

Kupimwa huko kwa laini kutoka ofisini ndiko kulikomkosesha mama raha. Wiki moja kabla, fundi huyohuyo alitupigia kutuuliza kwa nini kisanduku chetu cha intaneti kilizimwa, na hakuwa amekanyaga kwetu. Tangu hapo mama aliamini kisanduku kinatuona; alibadilisha nguo jikoni tu, na kila akipita mbele ya vitaa vyake alijifunga kitenge vizuri kama anayepita mbele ya wakwe.

Fundi akarudi kwenye simu. “Ligne iko bien kabisa mpaka ku boîte. Naiuliza, inajibu. Donc shida iko ndani ya nyumba. Taa iko na rangi gani?”

Nikageukia rafu. Sikuona taa, sikuona kisanduku. Palikuwa na sufuria yetu kubwa ya kupikia pondu, majani ya muhogo, imefunikwa kifudifudi.

“Mama!”

“Usinipigie kelele. Niliifunika. Jina ya mutoto, ule mutu wa bureau aisikie mbele ya baba yake? Jamais!”

Hasira ilinipanda, lakini kicheko kikaiwahi. Fundi naye alikuwa akicheka. Nikaweka simu kwa sauti kubwa ili mama amsikie.

“Mama, mu boîte siwezi kusikia maneno yenu. Naona tu kama ligne inapita, na telefone ngapi ziko juu yake.”

“Na sasa hivi, unanisikia?”

“Sasa ndiyo, mama, juu tunaongea ku telefone.”

“Bon. Kata!”

Akakata. Nikainua sufuria, nikapiga tena Kinshasa, na uso ukajaa kwenye kioo: mdogo, mwekundu, umekunjamana, mzuri kupita kiasi! Nikaruka juu. Mama akautazama sana. Kisha akajifunika kitenge kichwani pamoja na simu, akanong'ona. Mimi binti yake nikaachwa nje kama mtu wa bureau.

Ghafla nikamsikia dada yangu akilia kwa furaha, akimtajia padri lile jina kwa sauti kubwa, na padri akilitamka juu ya maji. Lilikuwa jina la papa, baba yetu. Nikapiga vigelegele huku machozi yakinitoka, kwa maana mama hakuwa amelitaja jina hilo tangu siku tulipomzika.