Hita Iliyohama Kutoka West Indies

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi mkandarasi aliondoa ngazi, nami nikiwa bado juu ya paa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeandika saa hiyo kwenye fomu, kando ya swali linalouliza kama nyumba ina hita ya jua ya kupasha maji.

Hita ilikuwepo. Shida ni kwamba tulikuwa tumeshakutana. Wiki mbili kabla, kwenye nyumba nyingine ya mkandarasi huyu, mtaani West Indies, niliikwaruza kwa msumari chini ya tangi, mara tatu, kama ninavyofanya kwa kila kifaa ninachokipa alama. Kazi ya kupima kama nyumba mpya zinaokoa maji na umeme sikufundishwa na mtu. Niliisoma mwenyewe, na mikwaruzo ni njia yangu. Sasa ilikuwa hapa, kando ya barabara ya Ziwa, na mikwaruzo yangu mitatu chini ya tangi, bomba lake limeishia hewani.

"Andika ipo, Mzee," mkandarasi aliita.

"Ipo leo. Majuzi ilikuwa West Indies."

"Basi ilipanda boda ikaja kukusalimia."

Vibarua walicheka. Mnunuzi hakucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama aliyeweka kiinua mgongo chake chote kwenye nyumba hii, na mkataba ulisema ikikosa cheti kinachotokana na fomu yangu atarudishiwa kila shilingi. Cheti kikitoka, pesa zimeenda.

"Mzee, usimdanganyie mtu," alisema.

Mkandarasi akaanza kunirushia mawe. La kwanza lilinipata gotini. La pili lilipasua kigae karibu na sikio langu. Kisha akairudisha ngazi, akapanda na mpini wa jembe.

"Weka alama."

"Nitaweka sifuri."

Alinipiga kifundo cha mkono wa kulia, mara mbili, mahali palepale. Pigo la pili nililisikia kabla ya kuliona: mlio mkavu, kama kijiti cha kuni. Fomu ikaanguka chini. Mama akaiokota, akaikunja, akaisukuma ndani ya blauzi.

Mkandarasi aliteremka mbio, akamshika shingo, akamgongesha ukutani hadi plasta mbichi ikabaki na alama ya kichwa. Damu ilimtoka puani. Mwalimu yule, ambaye nadhani alizoea kupiga kwa rula tu, aliokota sepetu akampiga nayo muundi. Mkandarasi akapiga goti. Akainuka na nusu tofali mkononi.

Kibarua mmoja, mtu mzima mwenye simenti hadi kwenye nyusi, alimkamata kwa nyuma.

"Bosi, wacha. Utaua mtu kwa sababu ya maji moto?"

Mkandarasi alimuuma yule kibarua kidole. Kibarua hakuachia. Wenzake wawili wakaja kumsaidia, wakamlaza mkandarasi kwenye mchanga, mmoja akakalia miguu yake.

Nilishuka kwa mkono mmoja. Mama alinipa fomu, ina damu yake pembeni. Nikaiweka juu ya mfuko wa simenti, nikaandika sifuri kwa mkono wa kushoto. Ilitoka kama yai lililokanyagwa. Nikatia sahihi mbele ya mkandarasi, yeye akinitukana na mchanga mdomoni.

Kifundo changu hakikunyooka tena. Siku hizi nakwaruza kwa mkono wa kushoto. Mama alipeleka fomu kwa wakili vilevile ilivyokuwa, na damu yake. Baada ya miezi minne alirudishiwa kila shilingi aliyolipa, laki saba na elfu themanini.