Nilikagua nyumba masika, kiangazi kikanitia adabu

Wakuu, amahoro kwenu wote.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaojisifu jinsi walivyonunua nyumba kwa akili. Leo nawaletea ya mtu aliyenunua kwa akili nyingi mno. Sitii chumvi hata kidogo, na yeyote wa Rumonge anaruhusiwa kunisahihisha.

Mimi ni muuza mawese. Nayatoa Kigwena, nayauza Rumonge.

Mwaka juzi nilimposa Zena. Mama yake hakuwa na masharti mengi, alikuwa nalo moja tu: binti yake hataingia nyumba ya kupanga. Nikaanza kutafuta.

Huku kwetu kila mtu anajua nyumba zinauzwa kiangazi. Njia kavu, mizigo inabebeka, kuta zimekauka, na kila kibanda kinapendeza kama bibi harusi. Masika hakuna anayehama. Utahamaje, kitanda kichwani na tope magotini?

(Kuna na msimu wa tatu, huo tumeletewa na Mdachi: msimu wa kodi ya nyumba. Karani akikaribia kuja kuhesabu nyumba, bei zinaanguka, na ndugu watatu waliokuwa hawasalimiani wanagundua kwamba wanapendana sana, bora wakae nyumba moja.)

Basi mimi nikajiona mjanja. Nikasema kiangazi kila nyumba ni nzuri, bali masika nyumba haina pa kujificha. Tena bei iko chini.

Nikampata Bi Hadija, mjane aliyekuwa anahamia kwa dada yake kule Nyanza. Nyumba yake iko karibu na ziwa, na mbele ina uwanja mpana wa mchanga, msafi, hauna hata jani. Kimya kabisa.

Wakuu, uwanja ule ungeniambia kitu kama ningekuwa na akili za kawaida.

Nikaenda siku ya mvua kubwa. Nikakaa ndani tangu adhuhuri hadi alasiri nikitazama paa na kupapasa kuta, mashahidi wawili wamekaa wananiangalia. Halikudondoka tone. Nikaanza maswali.

"Bi Hadija, mvula inaingiaka humu?"

"Haiingiaka, mutoto wangu."

"Na ziwa linapandaka mpaka hapa?"

"Tangu niolewe, halijapanda."

Sasa kwetu iko hivi: muuzaji analazimika kujibu kweli kila anachoulizwa mbele ya mashahidi. Asichoulizwa si kazi yake. Kisha muuzaji na mnunuzi wanakula ugali sahani moja kizingitini, na wakishanawa mikono, maneno yamekwisha. Hakuna kurudishiana.

Tukala. Nilikula kwa furaha sana, nikikumbuka naona haya.

Kiangazi kikaingia, harusi ikafungwa, Zena akaletwa. Siku ya nne nafungua mlango asubuhi, nakuta uwanja umejaa wanawake na makapu. Wanamwaga ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, wanavitandaza mchangani mpaka kwenye kizingiti changu.

Nikauliza kulikoni. Mmoja wao akaniangalia kwa huruma.

"Baba, hapa tunaanikaka tangu wakati wa bibi zetu. Masika mvula inaziozesha, ndiyo maana ulikuta iko patupu."

Haki yao ni ya zamani kuliko nyumba. Sikuwa na pa kushtaki.

Nzi wakaja. Kunguru wakaja. Harufu ikaingia kwenye mashuka, kwenye kanzu, kwenye biashara. Wateja wakawa wananiuliza kama mawese yangu nayakamua kwenye samaki.

Nikafunga safari hadi Nyanza kumlalamikia Bi Hadija. Akanikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa, akasema: "Weye uliniuliza mvula. Na mimi nilikujibu mvula."

Wiki ya tatu Zena akaniweka chini. "Masika ikirudi, uuze. Ikipita bila kuuza, narudi kwa mama."

Niliumia. Nilikuwa nampenda, na bado nampenda, sioni aibu kulisema mbele yenu.

Masika ikarudi. Mnunuzi akaja, seremala wa Kabonga, naye anajiandaa kuoa. Mbele ya mashahidi akatazama paa, akapapasa kuta, akauliza habari za mvua. Nikamjibu kweli tupu. Akauliza habari za ziwa. Kweli tupu. Kuhusu kiangazi hakuuliza neno, na mimi nikawa bubu mwenye tabasamu.

Zena akaleta ugali. Akasimama nao hapo hapo, hakuuweka chini.

"Umemwambia ya kiangazi?"

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hakuuliza.

Akamgeukia mgeni. "Kaka, kiangazi hapa wanaanikaka ndagala mpaka mulangoni. Hata ukifunga dirisha, harufu inaingia."

Seremala akamshukuru, murakoze, akachukua fimbo yake, akaenda. Mashahidi nao wakakumbuka wana kazi nyumbani.

Nikamfuata Zena ndani. Nikamwambia: sasa umefukuza mnunuzi, na masika inakwisha, ina maana unaondoka?

Akasema: "Harufu nimeshaanza kuizoea. Mume mwenye kudanganya watu, huyo sitamuzoea."

Wakuu, Zena yupo mpaka leo, na mimi najifunza kusema.

Funzo langu ni fupi: nyumba uliyoikagua masika, subiri uione na kiangazi. Na wewe unayeuza, sema hata usichoulizwa, maana ndani kuna mtu anakusikiliza.

Nanyi mliowahi kuhama msimu mbaya, mwageni yenu hapa chini, nisicheke peke yangu.

Nyumba bado naiuza. Anayeitaka aje kiangazi, asubuhi, upepo ukitoka ziwani.