Fatiha Juu ya Kiwanja

Katika ofisi ya wakili niliyoitumikia Riyadh kama mfasiri, kampuni kubwa hazikununua hata ghala moja kule Al-Sulay kabla hatujazichunguzia ardhi ni ya nani, imetengwa kwa matumizi gani, na manispaa imekusudia kupitisha nini juu yake. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, ardhi ikapanda nayo, na kila aliyekuwa na jangwa akajiona tajiri.

Watu wetu wa Jeddah walikuwa na utaratibu mfupi zaidi. Walikuwa wametoka Unguja baada ya mapinduzi, wakiacha nyuma nyumba zenye hati halali kabisa, na kwa hiyo hati hazikuwababaisha tena. Walifukiza udi, wakanywa kahawa, wakainua mikono na kusoma Fatiha. Baada ya hapo, kuuliza habari za karatasi kulikuwa sawa na kumtukana muuzaji mbele ya Mungu.

Mjomba wangu alinipigia simu. "Tumepata kiwanja, kaskazini ya mji. Ijumaa tunasoma Fatiha. Njoo uinue mikono na wewe, msomi wetu."

Kiwanja hicho angekibadilisha na mgahawa wao wa Sharafiya, ambao kila sambusa yake ilitoka mikononi mwa mkewe, na ambao ndio pekee ulioilisha nyumba yao. Nilishuka Jeddah mapema, nikaenda kwanza baladia, ofisi ya manispaa. Ramani ya mji ilitandazwa mezani, wazi kwa kila mwenye macho. Karani aliweka tasbihi yake juu ya kiwanja cha mjomba, ikakaa hapo kama iliyopimwa.

"Hapa ni mzunguko wa barabara," alisema. "Nyumba mafi, hakuna."

Nilimweleza mjomba. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hiyo ni ramani. Huyu dalali anayetuuzia tumekua naye mtaa mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa, na dalali alilijua hilo kuliko sisi. Ijumaa alikaa juu ya zulia, akajipaka udi ndevuni, akainua mikono kabla kahawa haijapoa. Wageni wakainua yao. Yangu niliiacha mapajani.

"Kijana," aliniambia dalali, "huko chuoni wamekusomesha kuiogopa Fatiha?"

"Naiheshimu, sheikh. Ndiyo maana siisomi juu ya barabara."

"Unaniaibisha mbele ya wageni!" alifoka mjomba.

Dalali alimgeukia mjomba. "Barabara ni kheri! Wenzako nyumba zao zinapata barabara upande mmoja tu. Yako itazungukwa nayo pande zote."

"Mashallah," walisema wageni wawili, na naamini walisema kwa dhati.

Ndipo sauti ya mkaza mjomba ikatoka nyuma ya pazia. "Na mimi nikitaka kwenda sokoni nitavukaje? Niote mbawa?"

Hata dalali alishindwa kuzuia kicheko.

"Basi, bwana, teremsha mikono," aliendelea kumwambia mumewe. "Funguo za mgahawa ninazo mimi, na leo zimepotea."

Mikono iliteremka mmoja mmoja, bila aliyejua aifanyie nini. Dalali akamaliza kahawa yake, akaaga kwa adabu kubwa. Mimi nilibaki na jina la aliyekataa Fatiha, na kwa muda mrefu hakuna mwenye binti wa kuoza aliyenikaribisha chakula cha mchana.

Mzunguko ulijengwa. Katikati yake manispaa ilisimamisha birika la kahawa la saruji, refu kuliko msikiti wa jirani, kwa kuwa fedha za mafuta zilihitaji mahali pa kukaa. Siku moja tulipita hapo kwa teksi, sisi watatu, magari yakituzunguka kama mahujaji.

"Jiko langu lingekuwa pale," mkaza mjomba alionyesha, "chini ya mdomo wa birika."

Mjomba alilitazama mpaka teksi ikamaliza kuzunguka.

"Lingepata upepo mzuri," alisema.