Samaki Wageni Chini ya Lango

Kazini walimwita Kufuli, naye hakukasirika. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua chache, kisha kurudi kuutikisa. Miaka yote aliyolinda lango la bwawa, mkewe alimtania kwamba hata ndoa yao anaikagua kila asubuhi.

Bwawani mlikuwa na samaki wageni, wakubwa, wenye meno, walioletwa kutoka mbali kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha. Chakula chao ni samaki wenzao. Ndiyo maana mbele ya lango kulikuwa na wavu wa chuma: maji yapite, wao wabaki. Wangeteremka mtoni, basi visamaki vidogo vya huko vingekwisha, na dada yake Kufuli, mjane aliyelea wanawe wote kwa kuvitega, angekaa mikono mitupu.

Wavu huo ulizibwa na majani mara kwa mara. Mlinzi aliyeuinua kuusafisha alitundika vazi lake kwenye gurudumu la kufungulia lango. Vazi likiwa pale, hakuna aliyethubutu kuligusa gurudumu. Haikuandikwa popote, walizoea hivyo tu.

Asubuhi moja Kufuli aliinua wavu, akatundika shati, akaenda stoo kutafuta brashi ya waya. Nyumba yake ilikuwa hapohapo bwawani. Mkewe akapita na beseni la nguo, akaliona shati. Lilinuka jasho. Akalichukua. Punde mwenzake wa zamu akaja kufungulia maji ya mashamba, akakuta gurudumu tupu, akalizungusha.

Kufuli alisikia mngurumo akiwa stoo. Alitoka mbio, kifua wazi.

"Funga! Wavu uko juu!"

"Sasa shati lako liko wapi?" mwenzake aliuliza, huku akizungusha gurudumu kurudisha lango chini.

Shati lilikuwa kwenye kamba, likichuruzika maji.

"Mimi nilidhani umelisahau," alisema mkewe, akajishika mdomo.

Kufuli hakungoja kugombana. Chini ya lango palikuwa na birika pana la zege, na maji yakilijaza huvuka kizingiti na kuingia mtoni. Ndani ya birika wageni walikuwa wakirukaruka, mikia ikichapa ukuta. Akawapita, akashuka hadi mtoni alikoinama dada yake akikagua migono, vile vikapu vyake vya kutegea samaki.

"Kulikoni, mdogo wangu? Mbona nusu uchi?"

"Dada, wageni wametoka."

Dada akauweka chini mgono aliokuwa nao. Hakufoka.

"Wamefika huku?"

Kufuli akaketi juu ya jiwe, akaogopa kurudi kutazama. Dada ndiye aliyepanda mpaka kwenye kizingiti. Akainama pale, akakipapasa muda mrefu kiasi kwamba Kufuli aliona afadhali amtukane.

"Njoo uguse mwenyewe," hatimaye alisema. "Wewe nikikuambia hutaamini."

Siku iliyotangulia mafundi walikuwa wamelikausha birika ili wazibe ufa, na katika hofu yake Kufuli alisahau kabisa. Maji hayakuwa yamefika hata nusu ya ukuta. Kizingiti kilikuwa kikavu, sisimizi wakipita juu yake na mizigo yao. Kufuli akakipapasa kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Vumbi tupu. Akacheka, akatokwa na machozi, akacheka tena.

"Papasa na kwa ulimi basi!" mwenzake alipaza sauti kutoka juu.

Walishinda ndani ya birika na nyavu za mkono. Mke wa Kufuli, ambaye hakuambiwa hata neno moja la lawama, ndiye aliyewanasa wengi kuliko wote. Walipomtoa wa mwisho, dada alishuka zake mtoni. Kufuli akamfuata, akasimama ukingoni akitazama maji, uso umemkunjuka kama mtu aliyepona homa.

"Usinisimamie kama mgeni," alisema dada. "Shika kamba, nitege kabla jua halijazama."

Akashika.