Mkate na Chumvi wa Mama Dila wa Bregmali

Alizaliwa mwaka 1404 katika kijiji cha Bregmali, kwenye milima ya Waalbania, akabatizwa jina la Dila. Aliolewa mapema na kufiwa na mume mapema, akabaki na mwana mmoja tu, Progon, mboni ya jicho lake. Mwaka 1449 Progon naye aliuawa kwa kisu na Tanush wa kijiji cha juu, katika ugomvi wa malisho. Milimani damu hulipwa kwa damu. Basi Gjin, shemeji yake Dila na mlinzi wa lango la ngome, aliapa kwamba Tanush akikanyaga Bregmali hatoki hai.

Kiangazi kilichofuata, jeshi la Sultani wa Waturuki likapanda bondeni, ngoma zikirindima, mahema yakifunika mashamba. Ngomeni walikuwamo wanaume thelathini tu! Ndipo Tanush alipofika chini ya ukuta na wapiga upinde sitini, akaomba waingie kusaidia. Gjin akasema waingie wote isipokuwa yeye. Nao wakakataa katakata kumwacha mwenzao nje. Lango likabaki limefungwa, na adui alikuwa nusu siku tu kutoka hapo.

Dila alilia mbele ya altare asubuhi nzima, kwa maana hakumpenda yule mtu, wala hatutamsingizia kwamba alimpenda. Kisha akatoka kwa mlango mdogo wa kisimani, akamshika Tanush mkono, akampeleka hadi nyumbani kwake, akamketisha na kummegea mkate kwa chumvi. Gjin aliwafuata, upanga mkononi.

"Shemeji, hapo ulipomkalisha ni mahali pa Progon."

"Napajua, napafagia kila siku. Kula, mwanangu. Na wewe Gjin, huyu sasa ni mgeni wangu. Ukimtaka, anza na mimi."

Milimani hakuna amgusaye mgeni wa mtu. Gjin alirudisha upanga alani, akaenda kufungua lango huku akilia. Na vita ile ilikuwa vita kweli! Mara tano Waturuki waliegemeza ngazi ukutani, mara tano wakaporomoshwa, hata theluji ya kwanza ikawarudisha walikotoka. Waumini husimulia kwamba mkate ule mmoja uliwalisha watu tisini kwa siku tatu.

Dila alifariki mwaka 1467, na aliyemfumba macho ni Tanush. Ndugu wapendwa, tunapomwomba mama huyu atuombee, tumtajie kwa jina yule ambaye hatutaki aketi mezani kwetu.